Barua ya wazi kuhusu mabwawa ya umeme Nyanda za Juu Kusini: kinyungu hakimo kwenye fomu ya fidia

Njombe

Kwa:
Waziri mwenye dhamana ya nishati,
Waziri mwenye dhamana ya ardhi,
Wakuu wa Mikoa ya Njombe, Iringa, Mbeya na Songwe,
Wasimamizi wa miradi ya umeme wa maji katika mikoa hiyo.

YAH: CHAKULA CHA KAYA ZITAKAZOPISHA MABWAWA YA UMEME

Waheshimiwa,

Tunawaandikia hadharani kwa sababu njia ya bahasha imeshindikana. Barua za awali zilipokelewa masjala na kugongwa mhuri. Jibu lililotufikia lilikuwa la mdomo: suala liko kwenye mchakato, msubirini mthamini. Na mthamini ndiye tunayemhofia. Si kwa ubaya wake, kwani wengi ni vijana wa kazi wanaofuata walichofundishwa. Hofu yetu ni fomu anayokuja nayo. Haina mahali pa kuandika kinyungu, shamba la bondeni linalolisha kaya ya huku kuanzia Desemba hadi Machi.

Sisi ni maafisa ugani, wathamini na wakulima wa Njombe, Makete na Mufindi. Hatupingi umeme. Tunajua mradi wa mto Ruhudji, Njombe, ni wa megawati 358 na wa mto Rumakali, Makete, ni wa 222, na kwamba miradi hiyo miwili imekuwa kwenye mipango ya nchi tangu miaka ya 1990. Mito inateremka kwetu, mvua inanyesha kwetu, na ni haki taifa litumie maporomoko yake. Tunachopinga ni utaratibu unaomlipa mtu bati na mgomba, kisha ukahesabu kwamba amelipwa riziki yake.

Hoja zetu ni hizi.

1. Kinyungu hakionekani

Kwa msomaji asiye wa huku: kinyungu ni shamba la bondeni, kwenye udongo mweusi unaobaki na unyevu baada ya kifuku, yaani msimu wa mvua, kuisha. Mkulima hufyeka matete na nyasi, huziacha zikauke, huzifukia chini ya matuta na kuchimba mifereji kati ya tuta na tuta ili maji ya ziada yatoke. Kwenye baridi ya Makete na Njombe hapandi mapema, maana sakitu, yaani umande ulioganda kwa baridi, ya Juni na Julai hutulia bondeni na kuunguza miche alfajiri moja. Wengi husubiri Agosti au Septemba. Hupanda mahindi, maharage, njegere, viazi, maboga na mboga. Mahindi mabichi huanza kuliwa Desemba, wakati mahindi ya mlimani ndiyo kwanza yako magotini na gunia la mwisho la mwaka jana liko karibu kwisha.

Tufanye hesabu. Robo ekari ni kama mita za mraba 1,000. Kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 30 inabeba mashina karibu 4,500. Hata theluthi ikiliwa na nyani, panya na ndege, yanabaki mahindi 3,000, na bado hatujagusa maharage yaliyo katikati ya mistari wala mboga za kwenye kingo. Hicho ni chakula cha miezi ya njaa na ni pesa ya daftari na sare mwezi Januari.

Sasa mthamini anakuja. Akija Machi, bonde limejaa maji na matete, naye anaandika "eneo la majimaji, halijaendelezwa". Akija Julai, matuta ndiyo yanainuliwa, hakuna zao lililosimama, naye hana cha kuhesabu. Akija Oktoba, mahindi yapo, lakini mazao ya msimu mmoja mkulima huambiwa avune kwanza kabla ya kuondoka, kwa hiyo hayalipwi. Kwa vyovyote vile, kinyungu kinatoka na sifuri au na bei ya pori. Wakati huohuo mikaratusi mia moja iliyopandwa juu mlimani inahesabiwa shina kwa shina.

Na maji ya bwawa yanaanza kupanda kutoka wapi? Kutoka bondeni. Nyumba ziko kwenye migongo ya vilima na nyingi zitapona. Kitakachozama kwanza na chote ni kinyungu. Kwa hiyo zitakuwepo kaya ambazo kwenye vitabu vya mradi "hazikuathirika", kwa kuwa nyumba yao imebaki mita mia mbili juu ya maji, lakini zimepoteza chakula cha miezi minne ya mwaka.

Jambo hili si geni Afrika. Watonga wa bonde la Gwembe, mpakani mwa Zambia na Zimbabwe za leo, waliohamishwa kupisha bwawa la Kariba mwishoni mwa miaka ya 1950, jumla yao watu wapatao 57,000 pande zote mbili za Zambezi, walikuwa na misimu miwili: shamba la mvua na bustani za kingo za mto zilizolimwa kiangazi. Wengi wao walipelekwa mbali na mto, kwenye ardhi ya msimu mmoja. Bustani za kingo hazikufidiwa kwa kitu kinachofanana nazo, na njaa ikawa mgeni wa mara kwa mara. Aliyehamisha Watonga alikuwa mkoloni. Sisi tunajihamisha wenyewe, na tuna miaka zaidi ya sitini ya kujifunza kutokana na kosa lile.

2. Kalenda ya mkandarasi na kalenda ya jembe

Shamba la mlimani hupandwa kati ya mwisho wa Novemba na Desemba, huvunwa Juni hadi Agosti. Kaya ikihamishwa Oktoba, ikafika kwenye eneo ambalo halijafyekwa, haitapanda mwaka huo. Mavuno ya Julai iliyopita yatatakiwa kuilisha hadi Julai ya mwaka wa pili mbele, yaani miezi 24. Familia ya watu sita inayokula kilo mbili na nusu za unga wa dona kwa siku inahitaji kilo zaidi ya 900 kwa mwaka, tuseme gunia kumi ukiweka na la wageni na misiba. Kwa miezi 24 ni gunia ishirini. Hakuna mkulima mdogo wa huku anayelala na gunia ishirini za akiba baada ya mavuno, hasa baada ya kuambiwa kwa muda mrefu kwamba anahama wakati wowote na hivyo akapunguza kununua mbolea.

Dirisha la kuhama ni moja tu: baada ya mavuno, kati ya Agosti na Septemba, na ardhi mpya iwe tayari imefyekwa na kung'olewa visiki. Ukikosa dirisha hilo, ngoja mwaka mwingine. Mkandarasi hataki kusikia hivyo, lakini ujenzi wa bwawa huchukua miaka mingi na ratiba yake huandikwa mapema. Kutafuta Agosti moja ndani ya miaka hiyo si kazi ya ajabu.

3. Mita 60

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, ziwa au bwawa. Bwawa likijaa, mstari huo unapimwa kutoka ukingo mpya. Maana yake mkulima anapoteza mara mbili: ardhi iliyozama, na ukanda wa mita 60 juu yake. Tunaomba tuelezwe waziwazi: ukanda huo umo kwenye eneo linalofidiwa, au mtu ataachiwa hati ya ardhi ambayo haruhusiwi kuilima?

Kuna wanaowaahidi wananchi kwamba watalima ufukweni maji yakishuka. Waulizeni watu wa Isimani, Iringa, wanaoishi jirani na bwawa la umeme la Mtera. Lile bwawa hucheza kati ya mita 690 na 698.5 juu ya usawa wa bahari, na kwa kuwa nchi ile ni tambarare, tofauti hiyo ya mita nane na nusu husogeza ukingo kwa masafa marefu. Anayelima pale hulima kwa ruhusa ya mitambo, si ya mvua. Maji yanaweza kurudi shambani kabla hajavuna. Kwenye mabonde yetu yenye miteremko mikali hata huo ukanda wa kulima hautakuwepo. Itakuwa ni tope na mawe.

4. Ardhi mbadala ambayo si mbadala

Ekari moja kwa ekari moja inasikika kama haki. Lakini ardhi iliyobaki wazi katika mikoa hii kwa kawaida imebaki wazi kwa sababu. Ama ni mteremko mkali, ama ilikuwa msitu wa mikaratusi, ama udongo wake ni chachu. Udongo wenye pH chini ya 5.5 hufunga fosforasi, hivyo mkulima anaweka mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya kupandia ya DAP kwenye ekari na mahindi bado yanatoka na majani ya zambarau. Anadhani mbolea ni feki. Mbolea si feki, udongo ndio umeifunga.

Dawa yake inajulikana: upimaji wa udongo kabla ya mtu kuhamia, na chokaa ya kilimo, kwa kawaida kati ya tani moja na mbili kwa hekta, ichanganywe na udongo wiki kadhaa kabla ya kupanda. Kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole kipo Mbeya na kinapima udongo. Hakuna sababu ya familia kugundua aina ya udongo wake kwa kupoteza msimu. Vilevile visiki vya mikaratusi hung'olewa kwa mashine, si kwa sururu ya mama wa miaka hamsini. Kazi hiyo ifanywe na mitambo ya mradi ikiwa bado eneo la ujenzi.

Ghana walijifunza hili kwa gharama. Bwawa la Akosombo liliwahamisha watu wapatao 80,000 na kuwaweka kwenye makazi mapya 52. Nyumba zilijengwa, lakini usafishaji wa mashamba ulibaki nyuma mno, watu wakafika na kuta bila shamba na wakaishi kwa chakula cha msaada. Ndiyo maana tunasema: shamba kwanza, nyumba baadaye. Mtu anaweza kulala kwenye hema la mradi miezi mitatu akilima. Hawezi kula nyumba ya vyumba vitatu.

Tukiwa kwenye nyumba, neno moja ambalo litaonekana dogo. Jiko la huku lina dari. Mahindi hukaa juu ya moto, moshi unayakausha na kufukuza dumuzi na fukusi. Nyumba mpya ya matofali yenye jiko dogo la nje na bati tupu haina dari, na gunia likikaa chumbani bila dawa, kufikia Desemba ni vumbi. Jengeni jiko lenye dari, au kila kaya ipewe mifuko isiyopitisha hewa kumi, ya kilo mia. Gharama yake haifiki hata posho za kikao kimoja cha kujadili makazi.

5. Samaki

Kila mkutano wa kutambulisha mradi huwa na mtu wa kusimama na kusema: mtavua samaki. Perege hukua vizuri kwenye maji ya nyuzi 25 hadi 30. Chini ya 20 anadumaa, na chini ya 16 hivi hula kwa shida. Bwawa lililo karibu mita 1,500 au zaidi kutoka usawa wa bahari, kwenye nchi ambayo Julai wanafunzi wanakwenda shule na makoti mawili, si Mtera. Hata huko Mtera, kwenye joto, uvuvi unataka mtumbwi, nyavu na leseni, na wavuvi wazoefu hufika ufukweni kabla mkulima hajajua kushona wavu. Samaki wawe nyongeza. Wasiandikwe kwenye mpango wa kurejesha kipato kama mbadala wa kinyungu.

6. Majina yasiyokuwa kwenye daftari

Vinyungu vingi havilimwi na mwenye ardhi. Vinakodishwa kwa msimu, vinaazimwa, vinagawanywa kati ya ndugu. Katika kaya nyingi anayekilima ni mwanamke, na pesa ya mahindi mabichi na mboga ndiyo pesa pekee inayopita mkononi mwake bila kuulizwa. Uthamini unapofanyika, jina linaloandikwa ni la mume au la baba mwenye eneo, akaunti ya benki ni yake, na mpangaji wa kinyungu hatajwi kabisa. Fidia ikishalipwa kwa mkupuo, mama hana sauti wala shamba.

Hapa tuwakumbushe jambo linalojulikana wizarani. Utafiti wa afya na demografia wa mwaka 2022 ulionyesha udumavu wa watoto chini ya miaka mitano kuwa asilimia 56.9 Iringa, 50.4 Njombe na 49.8 Rukwa, wakati wastani wa nchi ni 30. Mikoa inayojaza maghala ya taifa ndiyo yenye watoto waliodumaa zaidi. Tatizo letu halijawahi kuwa ugali. Ni maharage, mboga na vyakula vya kuambatana na ugali, na hivyo hutoka kinyungu. Mradi unaoondoa kinyungu Njombe unaondoa kitoweo kwenye sahani ya mtoto ambaye tayari yuko nyuma.

7. Kusubiri

Tarehe ya ukomo wa kuhesabu mali za kufidiwa ikitangazwa, mtu haruhusiwi kupanda mti wala kuongeza chumba. Parachichi la kubebeshwa huanza kuzaa mwaka wa tatu. Aliyekatazwa kupanda na kuachwa miaka mitano akisubiri amepoteza mavuno ambayo hakuna fomu itakayoyaona. Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016 inataka fidia ilipwe ndani ya miezi sita baada ya uthamini kuidhinishwa, baada ya hapo riba inaanza kuhesabiwa, na uthamini wenyewe hufa ukifikisha miaka miwili. Tunaomba sheria hiyo ifuatwe bila wananchi kulazimika kuisoma kwa mwanasheria.

8. Walioko chini ya banio

Mito yetu itazuiwa kwenye banio, yaani ukuta wa kuchepusha maji, itapelekwa kwenye handaki na kurudishwa chini kabisa, kwenye mitambo. Kati ya banio na mitambo mto hubaki na maji kidogo. Kwenye mradi wa umeme wa Kihansi, mpakani mwa Mufindi na Kilombero, hilo lilionekana mwaka 2000: maji ya maporomoko yalipopungua, vyura wa manyunyu waliokuwa wakiishi pale tu duniani walikaribia kwisha. Walijengewa mabomba ya kunyunyizia, wengine wakapelekwa Marekani kufugwa, mwaka 2009 wakatangazwa kutoweka porini, na baadaye wakaanza kurudishwa. Hatuwaonei wivu vyura. Tunasema tu kwamba kama iliwezekana kuwapimia vyura maji yao, inawezekana kuandika kwenye kibali cha maji ni lita ngapi kwa sekunde zitabaki mtoni Septemba na Oktoba kwa ajili ya vinyungu vya vijiji vilivyo chini ya banio. Sheria ya Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inatambua maji ya mahitaji ya msingi ya watu na ya mazingira kabla ya matumizi mengine.

Majibu tunayoyatarajia

Tumekaa mezani na baadhi yenu vya kutosha kujua yatakayosemwa.

Mtasema kinyungu ni haramu, kiko kwenye chanzo cha maji, na serikali haiwezi kulipa kilicho haramu. Kauli za kupiga marufuku vinyungu zimesikika huku zaidi ya mara moja, na kila mara mwaka unaofuata vinyungu vimelimwa, kwa sababu watu wanakula. Lakini tuijibu hoja yenyewe. Kwanza, si kila kinyungu kiko ndani ya mita 60. Mabonde mengi ni mapana kuliko hapo, na kipimo kinaweza kuvutwa. Pili, vingi vililimwa vizazi kabla ya mwaka 2004. Tatu, miradi mikubwa ya aina hii mara nyingi hutegemea mikopo ya nje, na masharti ya Benki ya Dunia kuhusu uhamishaji watu yanasema wazi kwamba hata asiye na haki ya kisheria juu ya ardhi hulipwa alichoendeleza na husaidiwa kurejesha riziki yake. Mkisaini masharti hayo Dodoma, msiyasahau mkifika Makete. Na kuna kichekesho kidogo hapa: bonde ambalo halifai kulimwa mahindi kwa sababu ya kulinda maji ndilo hilohilo litakalozamishwa lote.

Mtasema kanuni hazina kipengele. Zinacho, mkitaka. Kanuni za fidia za mwaka 2001 zinataja thamani ya ardhi, maendelezo, posho ya usumbufu, usafiri, malazi na faida iliyopotea. Malazi huhesabiwa kwa kodi ya miezi 36, na faida iliyopotea vivyo hivyo kwa miezi 36. Kinyungu ni biashara ya msimu. Kitathminiwe kwa faida yake kwa misimu mitatu. Mkulima hana hesabu zilizokaguliwa, kweli, lakini afisa ugani wa kata anaweza kupima ukubwa wake, kuhesabu matuta na kuthibitisha mavuno, kazi ya nusu siku kwa kitongoji. Usafiri nao uangaliwe: kanuni zinatazama tani 12 kwa umbali wa kilomita 20. Makazi mapya yakiwa kilomita 60, nani analipa arobaini zilizobaki?

Mtasema mabonde mengine hakuna, hivyo kinyungu kwa kinyungu haiwezekani. Inawezekana ikawa kweli, na hapo ndipo tunapotaka wahandisi wafanye kazi. Robo ekari ya mboga na mahindi kwenye jua la Septemba hutumia maji ya kina cha milimita tano hivi kwa siku, sawa na lita 5,000. Kaya 500 ni lita milioni mbili na nusu kwa siku, ambazo ni kama lita 29 kwa sekunde. Hicho ni kijito cha kuvuka kwa mguu. Bomba la mserereko kutoka kwenye kijito kilicho juu ya makazi mapya linatosha kwa kazi hiyo. Pasipo kijito, pampu ivute kutoka bwawani kwa umeme wa bwawa lenyewe. Kama mradi wa mamia ya megawati unashindwa kuachia lita 29, tuambiwe kwa maandishi.

Mtasema wananchi wenyewe hupenda fedha taslimu. Wengi hupenda, ndiyo, hasa wanaume na hasa vijana. Mtu aliyezungushwa miaka kumi atachagua noti alizoziona kuliko shamba aliloahidiwa. Mpeni ardhi iliyofyekwa aikanyage kwanza, kisha muulizeni tena.

Na mtasema taifa linahitaji umeme haraka. Hapo hatuna ubishi.

Tunachoomba

Kwa unyenyekevu, lakini bila kupunguza, tunaomba mambo yafuatayo.

(a) Kabla ya uthamini wowote mpya, vinyungu vyote vya eneo la bwawa, vya ukanda wa mita 60 na vya chini ya banio vihesabiwe na kuchorwa ramani. Kazi hii ifanyike kati ya Septemba na Desemba, wakati vinaonekana, chini ya serikali za vijiji na maafisa ugani, na matokeo yabandikwe kwenye mbao za matangazo za vitongoji kwa siku 30. Anayekilima aandikwe, pamoja na mwenye ardhi.

(b) Kaya iliyopoteza kinyungu tu, nyumba ikabaki, itambuliwe kuwa inayopisha mradi kwa haki zote.

(c) Chaguo la kwanza liwe shamba kwa shamba: la mlimani lililopimwa udongo, lililowekwa chokaa na kung'olewa visiki, pamoja na robo ekari yenye maji ya kiangazi. Fedha iwe chaguo la pili, na fomu isainiwe na mume na mke, kila mmoja kwa akaunti yake pale wanapokubaliana kugawana.

(d) Hakuna kaya kuhamishwa nje ya Agosti na Septemba.

(e) Mgawo wa chakula kwa miezi 24 ya mwanzo: mahindi kutoka ghala la Makambako la NFRA, wakala wa taifa wa hifadhi ya chakula, gunia kumi kwa mwaka kwa kaya ya watu sita, na maharage kilo 180 kwa mwaka, ambayo ni kama nusu kilo kwa siku kwa kaya nzima. Mgawo usipunguzwe mpaka afisa lishe wa wilaya athibitishe kwamba mavuno mawili yamepatikana.

(f) Usajili wa ruzuku ya mbolea uhamishiwe kijiji kipya kabla ya Oktoba. Mtu asifike dukani Novemba akaambiwa namba yake ni ya kijiji kilicho chini ya maji.

(g) Kijiji kinachopokea wageni kipate shule, zahanati na maji kwa uwiano wa watu wapya, na wenyeji wake washirikishwe kwenye mkutano mkuu, maana ardhi wanayopewa wageni kuna mtu alikuwa akichunga humo. Umeme ufike hapo kabla haujapita juu ya paa zao kwenda gridi ya taifa.

(h) Kibali cha maji kitaje kiasi kitakachoachwa mtoni mwezi kwa mwezi, na kipimo kiwekwe mahali ambapo mwananchi anaweza kukisoma mwenyewe.

(i) Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka aina, kiasi, njia na muda wa kulipa fidia vikubaliwe kabla ardhi ya kijiji haijahamishwa. Makubaliano hayo yasomwe kwa Kiswahili mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, nakala ibaki ofisi ya mtendaji, na asiwepo mtu wa kuambiwa asaini ukurasa wa mwisho peke yake.

Tunaomba majibu ya maandishi, hoja kwa hoja, ndani ya siku 60, na kikao kwenye vijiji husika kabla ya msimu ujao wa vinyungu kuanza mwezi Agosti. Wataalamu wetu wa vipimo vya mashamba na mavuno wako tayari kufanya kazi na wathamini wenu bila malipo. Tunachohitaji ni usafiri na barua ya utambulisho.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Maafisa ugani, wathamini na wakulima wa vinyungu,
Njombe, Makete na Mufindi

Nakala:
Waheshimiwa Wabunge wa majimbo husika
Mthamini Mkuu wa Serikali
Bodi za Maji za Mabonde ya Rufiji na Ziwa Nyasa
Wenyeviti wa Halmashauri za Wilaya
Mbao za matangazo za vijiji